Mtoto Aliyewekwa Amana: Nani Apokee Shitaka Lake Mkoani Singida?

Mtoto anapoondolewa katika nyumba aliyozaliwa, ama kwa sababu wazazi wake wamefariki, ama kwa sababu wao wenyewe ndio waliomdhulumu, na akakabidhiwa kwa idhini ya serikali mikononi mwa mlezi ambaye hakumzaa, serikali hiyo huwa imejitwika dhamana mbili kwa pamoja: ya kwanza ni kumtafutia nyumba iliyo njema, na ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kuhakikisha kwamba nyumba hiyo ikiharibika mtoto atakuwa na mtu wa kumweleza, na mtu huyo atakuwa na uwezo wa kutenda jambo. Juu ya dhamana ya kwanza sheria zetu zimesema mengi na kwa ufasaha. Juu ya hii ya pili zimesema machache, na machache hayo yamewekwa karibu yote mikononi mwa yule yule aliyemweka mtoto katika nyumba ile. Rai yangu ni kwamba hapo ndipo ilipo kasoro kubwa, na kwamba kasoro hiyo haitokani na ubaya wa maafisa wetu, ambao wengi wao hufanya kazi kwa ghera na kwa nauli ya mifukoni mwao, bali inatokana na kumtaka mtu mmoja awe mleta mtoto, mkaguzi wa mlezi, mpokeaji wa shitaka na mwamuzi wa shitaka lenyewe.

Nimeuchagua Mkoa wa Singida kuwa mfano kwa sababu mambo yanayofichika katika miji mikubwa huonekana huko waziwazi. Mkoa huu, uliohesabiwa kuwa na watu 2,008,058 katika Sensa ya mwaka 2022, umetandaa kutoka nyanda za Iramba na Mkalama upande wa kaskazini, ukapita Ikungi na mji wa Singida wenye maziwa ya Singidani na Kindai, hadi misitu ya Manyoni na Itigi inayoelekea Rungwa, ambako kutoka kijiji hadi makao ya halmashauri ni safari ya kutwa, na masika hata hiyo huwa muhali. Wanyaturu na Wanyiramba, kama walivyo jirani zao Wagogo na Wataturu, wamelea watoto wa ndugu tangu zamani bila ya kuandikiana hati. Mtoto aliyefiwa na mama huhamia kwa bibi, au kwa mjomba, au kwa mama mdogo, na ukoo mzima huwa shahidi wa namna anavyolelewa. Malezi hayo ya undugu ndiyo yanayowabeba watoto walio wengi hata leo. Waliowekwa rasmi kwa walezi wa kambo, ama kwa zile nyumba ambazo maafisa huziita familia za kuaminika, zinazompokea mtoto kwa dharura pindi anapookolewa katika ukatili, ni wachache zaidi. Na wapo pia wanaoishi katika makao ya watoto. Kisha liko kundi la nne, lisiloandikwa katika daftari lolote, la mabinti wanaochukuliwa vijijini na jamaa au na mtu anayejiita jamaa, kwa ahadi ya kulelewa na kusomeshwa Dar es Salaam, wakafika huko wakawa watumishi wa ndani wasio na ujira wala shule.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, iliyofuta sheria kadhaa kuukuu, zikiwemo ile ya kuasili watoto na ile iliyosimamia makao yao, haikukosa nia njema. Kifungu chake cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yahusuyo maisha yake. Kifungu cha 94 kinaitwika serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Na kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii aliye na habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke habari hiyo kwa serikali ya mtaa hiyo hiyo, ambapo Afisa Ustawi wa Jamii ndiye humwita mhusika na kuzungumza naye. Nje ya mipaka yetu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 25 kwamba mtoto aliyewekwa na mamlaka kwa ajili ya matunzo ana haki ya kuangaliwa upya hali yake mara kwa mara. Na Miongozo ya Malezi Mbadala, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja huo mwaka 2009, imeongeza kwamba mtoto huyo awe na njia ya kulalamika inayojulikana, yenye nguvu na isiyopendelea. Zingatia sifa hizo tatu, kwa kuwa njia inaweza kuwa na moja kati yake, au mbili, na bado ikamwacha mtoto pale alipo.

Tuitazame sasa ziara yenyewe jinsi inavyokwenda. Afisa hufika kwa bodaboda, kwa kuwa gari la halmashauri ama ni bovu ama limekwenda na mgeni mkubwa, naye hufika mchana, na kwa kawaida mlezi amekwisha kuarifiwa kwa simu ili safari isiwe ya bure. Huwekewa kiti kivulini, huletewa maji, pengine na uji. Mlezi huketi karibu yake, na mtoto huitwa. Mtoto huja amevaa nguo safi, hupiga goti au huinamisha kichwa kwa heshima, na kuamkia. “Shikamoo.” “Marahaba, hujambo? Unaendeleaje hapa?” “Sijambo. Naendelea vizuri.” Mlezi hutabasamu, afisa huandika, mtoto huruhusiwa kwenda. Katika mazungumzo hayo ya dakika chache hakuna aliyesema uongo kwa makusudi, wala hakuna aliyepata kuujua ukweli. Mtoto aliyefunzwa adabu hamkanushi mkubwa mbele ya mkubwa mwingine. Na hata lau adabu isingemzuia, anajua vyema kwamba afisa ataondoka kabla ya jua kutua na yeye atabaki na yule atakayempa chakula cha usiku. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu, na mtoto wa malezi huubusu kila siku.

Lau afisa huyo angeanzia shuleni, mambo yangekuwa mengine. Daftari la mahudhurio ni shahidi asiyeona haya: katika miezi ya mavuno ya alizeti, jina la mtoto anayelelewa likiwa na alama za utoro siku baada ya siku, ilhali watoto waliozaliwa katika nyumba ile ile wamehudhuria pasipo kukosa, hapo pana swali ambalo mlezi hawezi kulijibu kwa tabasamu. Kadi ya kliniki nayo husema. Mwalimu anayemwona mtoto akisinzia kila asubuhi husema. Na mahali pa kulala, ambapo mgeni haonyeshwi asipouliza, husema zaidi ya vyote. Lakini kuuliza kuhusu mahali pa kulala ni kumtilia shaka mwenyeji, na afisa aliyemwombaomba mwenyeji huyo ampokee mtoto wiki ile ambayo hapakuwa na mwingine wa kumpokea, huona vigumu kumtilia shaka leo. Na akimtilia, akaona kosa, atakuwa pia ameona kosa lake mwenyewe la kuchagua vibaya, na itampasa atafute nyumba nyingine asiyokuwa nayo. Kwa sababu hii hatusemi kwamba afisa hana insafu. Twasema kwamba tumemweka mahali ambapo insafu yake inapigana na haja yake.

Kanuni ya kutomwacha mwenye amana awe shahidi wa amana yake si ngeni kwetu, wala haikuletwa na Umoja wa Mataifa. Kurani Tukufu, katika Sura ya An-Nisaa, inapomzungumzia msimamizi wa mali ya yatima, haikutosheka na kumwonya asile mali hiyo kwa israfu na haraka. Imemwamrisha pia, siku ya kumrudishia yatima kilicho chake, aweke mashahidi. Amri hiyo haikutolewa kwa wasimamizi waovu peke yao, bali imemhusu hata yule aliye mwema, kwa sababu kumwekea mtu shahidi si kumtukana. Yashangaza, basi, kwamba tumekubali tangu karne nyingi kuwa mbuzi na shamba la yatima vyahitaji jicho la tatu, lakini mwili wa yatima mwenyewe tumeuachia macho mawili tu, la mlezi na la aliyemchagua mlezi.

Nchi nyingine zimejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwezi Januari mwaka 1945, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa chini ya halmashauri ya Newport katika Wales alikufa kwa kipigo na njaa katika shamba la Shropshire, Uingereza, alikopelekwa kulelewa. Na uchunguzi ulioongozwa na Sir Walter Monckton ulionyesha kwamba usimamizi wake ulipotea kati ya mamlaka mbili, ile iliyomtoa na ile aliyokuwa akiishi katika eneo lake. Ripoti ya Kamati ya Curtis, juu ya malezi ya watoto wa namna hiyo, ilifuata mwaka 1946 na Sheria ya Watoto mwaka 1948. Hata hivyo miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwezi Februari 2000, ripoti ya Jaji Waterhouse ilifichua maovu waliyotendewa watoto wa makao ya Wales Kaskazini, ambako walalamikaji hawakuaminiwa. Na ndipo Wales ikaweka Kamishna wa Watoto mwaka 2001, miaka 20 baada ya Norway kuwa nchi ya kwanza duniani kuweka mtetezi wa watoto kwa sheria. Nataja haya kwa kuwa hali ya yule mvulana wa Newport ni hali ya mtoto wa Manyoni aliyepelekwa kwa shangazi yake Tabora: afisa wa Manyoni hudhani wa Tabora anamtazama, na wa Tabora hana habari kwamba mtoto yupo.

Je, mtoto wa Singida aliye na shitaka leo ana wapi pa kwenda? Mtu akijibu kwamba hana popote atakuwa amekosea, kwani milango ipo, tena si haba. Iko namba 116, Simu ya Mtoto, isiyotozwa chochote. Liko Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Ziko Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017, kuanzia kijijini na kwenye kata hadi halmashauri. Iko Mahakama ya Watoto. Na iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini simu ni ya mlezi, na mtoto huiomba. Dawati la polisi aghalabu liko katika kituo kikubwa, mbali na kijiji, na jina la polisi peke yake lamwogofya mtoto ambaye hakutaka mtu afungwe, alitaka tu asipigwe. Na kamati ya kijiji ina wajumbe ambao ni jirani, wakwe na wadai wa mlezi yule yule. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18; na kati ya wasichana hao, karibu nusu tu walipata kumwambia mtu yeyote, 1 katika 5 alitafuta msaada, na 1 hivi katika 10 aliupata. Hesabu hiyo ni ya watoto wote, wakiwemo walio kwa mama zao. Mtoto aliye katika nyumba ya watu hawezi kutarajiwa kuwa mwepesi zaidi wa kusema.

Tume ya Haki za Binadamu ndiyo yenye sura ya uhuru tunaoutafuta. Imetajwa katika Katiba yenyewe. Sheria yake, Na. 7 ya mwaka 2001, inairuhusu kupokea malalamiko kutoka kwa mtu yeyote, na kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake bila ya kungojea mlalamikaji. Haikumchagua mlezi, haimlipi afisa, wala haitaaibishwa na ripoti. Upungufu wake ni kwamba maamuzi yake ni mapendekezo, ijapokuwa yaweza kupelekwa mahakamani yakipuuzwa, na kwamba iko mbali na vijiji vya pembezoni kama Munguli au Mitundu. Hapa historia yetu yafaa kukumbukwa. Tume hii ilirithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoundwa mwaka 1966 chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya, ikahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake barani Afrika. Na makamishna wa zamani hawakungoja barua, bali walifunga safari mikoani na wilayani, wakaitisha mikutano na kusikiliza malalamiko ya watu kwa midomo yao, kwa sababu walijua kwamba mwananchi asiyejua kusoma hataandika. Mtoto ni mwananchi wa namna hiyo hiyo. Laiti desturi ile ya kuzunguka ingefufuliwa kwa ajili ya watoto hawa peke yao, kwa ziara isiyotangazwa kwa mlezi, ikianzia shuleni, na mtoto akizungumza peke yake na mtu ambaye si wa halmashauri ile, tungekuwa tumepata sehemu kubwa ya tunachokitafuta pasipo kujenga ofisi mpya.

Mahakama nayo ina nafasi ambayo haijatumika ipasavyo. Sheria ya Mtoto inamruhusu Jaji Mkuu kutangaza jengo lolote la mahakama ya mwanzo kuwa Mahakama ya Watoto, na hakimu mkazi akaketi humo. Na mahakama za mwanzo zimesambaa hadi mashambani. Nakala ya kila ripoti ya ziara ikipelekwa kwa hakimu huyo, mbali na kubaki katika faili la ofisi iliyoiandika, na hakimu akawa na wajibu wa kuuliza mbona miezi 6 imepita bila ripoti juu ya mtoto fulani, uhuru wa usimamizi utakuwa umeanza. Wapo wanaosema kwamba usimamizi huru ni anasa ya nchi tajiri. Nami nasema kwamba gharama kubwa imo katika ziara, na ziara tayari ni wajibu wa sheria. Kinachobadilika ni nani aisome ripoti, na badiliko hilo ni la bahasha na sahihi.

Hata hivyo tujihadhari tusifikiri kwamba shitaka peke yake latosha, kwa sababu wapo watoto wasioweza kulileta. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 uliiweka Singida miongoni mwa mikoa mitano yenye ukeketaji mwingi zaidi nchini, takriban wanawake 31 katika kila 100, na katika mkoa huu wako wanaokeketwa wakiwa wachanga, kwa siri, tangu wazee walipojua kwamba binti mkubwa aweza kukimbia na kusema. Mtoto mchanga aliyewekwa kwa mlezi hana mdomo wa kulalamika. Hana pia mtoto bubu, wala mtoto wa Kihadzabe aliyetolewa kando ya Ziwa Eyasi akawekwa katika nyumba isiyojua lugha yake, ambaye kila neno lake hutafsiriwa na yule yule anayeweza kuwa ndiye mdhalimu. Kwa hawa ukaguzi ndio shitaka. Mkalimani wao asiwe mtu wa nyumba ile, na muuguzi wa zahanati, ambaye huwaona watoto bila ya kuleta tashwishi, ahesabiwe kuwa jicho rasmi na apewe mahali pa kupeleka alichokiona.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo ina uzito, na ambayo walezi wenyewe huisema: ni nani atakayekubali kupokea mtoto wa mwenziwe, kwa ihsani, pasipo mshahara, iwapo neno la mtoto laweza kumwita mbele ya mgeni wa Tume kutoka Dodoma? Walezi wema ni wachache na wanastahiki heshima, na mtoto aliyepitia madhila huweza kusema jambo lisilo kweli, kwa hofu au kwa hamu ya kurudi kwao. Jawabu langu ni kwamba mlezi mwema ndiye anayefaidika zaidi na msikilizaji asiyependelea, kwa sababu pasipo msikilizaji huyo uvumi wa jirani ndio hukumu. Isitoshe, mlezi naye ana malalamiko: aliahidiwa sare za shule hazikuja, aliahidiwa kadi ya bima ya afya haikuja, alimwita afisa usiku mtoto alipotoroka na simu haikupokelewa. Njia inayopokea shitaka la mtoto na kulikataa la mlezi itaaminiwa na mmoja wao tu. Rwanda, ilipoanza kuwatoa watoto katika makao na kuwapeleka kwa walezi wanaoitwa Malayika Murinzi, iliweka katika kila kijiji watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wawe marafiki wa familia, wa kumshauri mlezi na kumtazama mtoto kwa pamoja. Uhuru wao si kamili, kwa kuwa nao ni wanakijiji. Ila wako karibu, na mlezi huwazoea kabla ya siku ya shari.

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mtoto akishasema, usiku ule atalala wapi? Akirudishwa katika nyumba aliyoishitaki mpaka uchunguzi umalizike, hatasema tena, na watoto wengine wa kijiji watakuwa wamejifunza kutoka kwake; akipelekwa kituo cha polisi, amefungwa yeye badala ya mkosaji; akipelekwa kwenye makao ya mbali, amepoteza shule na rafiki kwa kosa la kusema kweli. Familia za kuaminika ndizo zilizokusudiwa kwa usiku kama huo, lakini mahali pengi huanza kutafutwa wakati mtoto amekwisha kusimama mlangoni mwa ofisi na kifurushi chake. Kila kata, kuanzia Kiomboi hadi Itigi, yahitaji walau nyumba mbili zilizokaguliwa mapema, zisizo na undugu na mtendaji wala na mwenyekiti wa kamati, majina yake yakiwa kwa hakimu na kwa Tume kabla ya shitaka lolote kuletwa, na godoro, chakula cha wiki mbili na nauli ya kumpeleka mtoto shuleni kwake asubuhi vikiwa vimetengwa katika bajeti ya halmashauri kwa kasma yake yenyewe.